Mgonjwa wa Presha Hagombezwi

Wanangu mnaoanza kazi ya uuguzi, ukali wangu mnaujua, basi nivumilieni tena. Mgonjwa wa presha ukimgombeza, atakudanganya. Atakwambia vidonge anameza kila siku na chumvi kaacha. Wewe utaandika hayo kwenye faili, daktari atasoma kuwa dawa inamezwa na presha bado iko juu, ataongeza ya pili. Siku mwanawe akimjia juu, mzee atazimeza zote kwa mpigo, presha iporomoke, aanguke chooni. Hapo mtasema dawa zilikuwa kali. Ukali ulianzia midomoni mwenu.

Mkumbuke kwamba presha haiumi. Mvuvi wa Tongoni kavuta nyavu usiku kucha, kichwa hakimgongi, kizunguzungu hana, nawe unamwambia ana 170 kwa 100 na dawa ni za maisha. Akuamini kwa lipi? Watafiti waliohesabu wagonjwa wapya wa kiharusi Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 waliona kuwa Dar, umri ukishasawazishwa, ilipata zaidi ya 300 kwa kila watu laki moja kwa mwaka, na presha ndiyo mama wa kiharusi. Huku kwetu mtu akipinda mdomo, wapo watakaosema kapigwa na upepo, apelekwe kwa mganga. Msibishane na ndugu mgonjwa kalala hapo. Waambieni tu: mdomo ukienda upande, mkono usipoinuka, maneno yasipoeleweka, hospitali kwanza, mengine baadaye.

Halafu pimeni sawasawa. Nawaona: mama kashuka daladala sasa hivi, anahema, mkanda umeshafungwa juu ya mkono wa baibui, na muuguzi anamuuliza habari za wajukuu. Namba hiyo ni ya nini? Mwamkie, umkalishe dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu isipandane. Mkono ulale mezani usawa wa moyo, mkanda ugusane na ngozi, na mnyamaze nyote wawili. Katoka kunywa kahawa kijiweni? Ngoja nusu saa. Mkojo umembana? Aende kwanza. Mkono mnene unataka mkanda mkubwa, maana mdogo hupandisha namba. Ikifika 140 kwa 90 mrudie, na umwite siku nyingine kabla hamjambandika jina la mgonjwa, ila kama iko juu ya kutisha, daktari aitwe hapo hapo. Korotkoff, daktari Mrusi, ndiye aliyetuonyesha mwaka 1905 namna ya kuusikiliza mshipa chini ya mkanda. Mashine za betri zimetupunguzia kazi ya masikio, adabu ya kupima iko pale pale.

Sasa chakula. Kumwambia mtu wa Tanga “punguza chumvi” ni kama hujasema kitu. Shirika la Afya Duniani linataka isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu. Lakini yetu haikai koponi peke yake. Imo kwenye ng'onda, kwenye papa mkavu, kwenye achari na chachandu ya muhogo. Na baba wa Ngamiani anayekuja kliniki peke yake hajui hata jiko lake limekaa wapi! Muulize nani anapika, umwite huyo aje naye. Mwambie samaki mkavu amloweke, amwage maji, amloweke tena, na mchuzi wake wa nazi asiutie chumvi nyingine. Ndimu na tangawizi zitautengeneza.

Kwenye dawa, swali la “unameza?” liacheni, jibu lake mnalijua. Uliza: “Wiki hii zilikupita mara ngapi?” Kisha kaa kimya. Utasikia kuwa dawa ya kukojosha inamuadhiri ndani ya basi. Mwingine miguu imemvimba kwa amlodipini, akadhani ni figo. Mwingine anakohoa kikavu tangu aanze enalaprili. Mwingine anameza diklofenaki kila siku kwa ajili ya kiuno, nayo inapandisha presha. Na yupo ambaye vidonge viliisha, hela ya duka la dawa hana, anaona haya kusema. Yote hayo daktari ana la kuyafanyia, ila ayajue. Binti aliyeshika mimba akiwa kwenye enalaprili, huyo asingoje tarehe ya kliniki.

Na Shaabani ikiingia, msisubiri waulize. Anayeogopa kukwambia kuwa atafunga ataacha vidonge kimyakimya tangu mwandamo hadi Idi. Mpeni miadi ya daktari mapema. Dawa ya mara moja kwa siku mara nyingi huweza kuhamishiwa baada ya futari, na ile ya kukojosha daktari aitazame upya, maana akiimeza daku, kiu ya mchana haitamwacha amalize funga yake.