Picha ya Dhihaka na Mwenye Kuihifadhi

Mwaka 1882 kampuni ya Currier & Ives ya New York ilichapa picha za kuwadhihaki Wamarekani Weusi wakicheza besiboli. Mwaka 1884 Moses Fleetwood Walker, Mmarekani Mweusi, aliichezea Toledo katika ligi kuu. Kisha weusi wakafungiwa mlango hadi 1947.

Leo wakusanyaji hununua picha zile. Je, mwenye kuzihifadhi hushiriki tusi lililomo? Kuzichoma ni kumfutia mkosaji ushahidi. Kuzitundika sebuleni kama pambo ni kuirudia dhihaka. Kosa, basi, halimo katika kuhifadhi bali katika namna ya kuhifadhi. Azionyeshaye sharti aweke kando yake habari za Walker, ili mtazamaji ajue kwamba waliochekwa walijua kucheza.