Je, Kubadili Kazi ni Kuitupa Karama?

Mzee mmoja jirani yetu hapa Makorora aliniuliza swali ambalo sikuweza kumjibu papo hapo. Mwanawe alijifunza useremala miaka 3, na mzee aliuza mbuzi wawili ili amnunulie randa na misumeno. Baadaye kijana akaanza kuchora mabango ya maduka, na sasa anataka kupiga gitaa. "Niambie, ndugu yangu," alisema mzee, "huyu ana karama au ana uvivu tu?" Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mshika mawili moja humponyoka, kwa hiyo mzee alikuwa na haki ya kuogopa.

Niliporudi nyumbani nilimkumbuka Siti binti Saad wa Unguja. Sisi watu wa Tanga tuna sababu ya kumjua, kwa maana aliyeandika wasifu wake ni mwenzetu, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani. Siti alizaliwa Fumba mwaka 1880. Kazi aliyoirithi kwa mama yake ilikuwa ufinyanzi. Alifinyanga vyungu, akavichoma, akavipeleka mjini kwa miguu kuviuza, huku akiwaita wanunuzi kwa sauti yake. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza muziki na Kiarabu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, akaimba katika santuri za His Master's Voice, akawa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Kiswahili ambao sauti zao zilihifadhiwa hivyo. Alifariki mwaka 1950.

Sasa tumfikirie mtu wa Fumba mwaka ule wa 1911. Anamwona mwanamke maskini, asiye na nasaba kubwa wala kisomo, anauacha udongo uliompa chakula na kwenda mjini. Yamkini angesema maneno yale yale ya mzee wetu. Hata huko mjini walikuwako waliomdharau kwa asili yake. Sisi twamsifu leo kwa sababu twaujua mwisho wake, lakini mzazi anayetakiwa kuamua leo haujui mwisho wa mwanawe.

Basi tupime kwa kitu gani? Naona tusitazame sana kile mtu alichokiacha, bali tutazame alichoondoka nacho. Mfinyanzi hufundishwa subira na udongo wenyewe, kwa kuwa chungu kikichomwa kabla hakijakauka hupasuka. Mchuuzi naye hujifunza kuwasikiliza watu na kuwavuta. Siti aliondoka Fumba na mafunzo yote mawili. Aliuacha udongo, lakini hakuiacha kazi; maana kujifunza muziki na lugha ya kigeni umri umekwisha kupita miaka 30 si njia ya mvivu.

Mwandishi wake naye hakukaa katika umbo moja. Shaaban Robert alitunga mashairi, akaandika insha, hadithi kama Kusadikika ya mwaka 1951, na habari za maisha yake mwenyewe, na huku akifanya kazi ya ukarani serikalini. Vyombo vilibadilika, lakini mapenzi yake kwa lugha na utu wa mtu hayakubadilika.

Hata hivyo, yuko mtu ahamaye kila kazi inapoanza kuwa ngumu. Huyo haondoki na kitu. Katika mfano wa talanta, aliyelaumiwa ni mtumwa aliyeifukia yake ardhini. Na talanta yaweza kufukiwa katika mashimo mengi kama iwezavyo kufukiwa katika shimo moja.

Nilimrudia mzee, nikamwomba aende akayatazame mabango ya mwanawe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikwenda. Aliniambia kwamba herufi zimepangwa sawa kwa kipimo, na kwamba fremu za mbao kijana amezitengeneza mwenyewe, kwa randa zile zile. Gitaa bado hajamnunulia, na sikumshauri amnunulie. Lakini neno uvivu sijalisikia tena kinywani mwake.

Wazazi wenzangu, kabla hatujamhukumu mtoto kwa kazi aliyoiacha, twende kwanza tukaitazame ile anayoifanya.