Pweza Hana Babu

Bibi yangu alikuwa akishuka mwambani siku za bamvua, maji yakishakupwa mpaka miamba ikabaki wazi, chuma cha kuchokolea pweza mkononi na kikapu kichwani. Aliyajua mashimo ya pweza kama mtu anavyoijua milango ya majirani zake. Lakini kuna mashimo aliyoyapita. Aliona vijiwe vimepangwa mlangoni, akainama, akachungulia, kisha akanyanyuka na kwenda zake. Sisi watoto tuliomfuata nyuma hatukumwelewa kabisa, maana pweza wa humo ndiye aliyekuwa rahisi kuliko wote: mkubwa, ametulia, wala hakimbii. Siku moja mimi na mtoto wa mjomba tulirudi nyuma kimyakimya tukamtoa. Darini mwa shimo kulikuwa na vishada vya mayai meupe, madogo kuliko punje za mchele, yakining'inia kama shanga. Tulijiona werevu kupita kiasi. Bibi hakutupiga, hata kutukemea hakutukemea. Alimpika kwa nazi, akatupakulia, na yeye akala wali wake kwa chumvi na ndimu.

Nimeishi na chakula kile miaka mingi, nacho ndicho kilichonifanya nisome habari za pweza. Niliyoyakuta yamenifundisha juu ya akili za binadamu kuliko nilivyotarajia.

Baharini, miongoni mwa viumbe visivyo na uti wa mgongo, hakuna anayemfikia pweza kwa werevu. Ana mioyo mitatu, na seli za neva zipatazo milioni 500, nyingi zikiwa katika mikono yake minane, hata mkono mmoja ukaweza kupapasa na kuamua jambo kabla kichwa hakijaagiza. Hubadili rangi na hata umbile la ngozi kwa kufumba na kufumbua. Hufungua mfuniko wa chupa. Mwaka 2009 watafiti walieleza jinsi walivyowaona pweza wa Indonesia wakibeba vifuu vya nazi ili kujifunika navyo baadaye. Na mwaka 2016, huko Napier, New Zealand, pweza aitwaye Inky alitoka katika tangi lake usiku, akatambaa sakafuni hadi kwenye bomba la maji la karibu mita 50, akapita humo na kurudi baharini. Hakuonekana tena.

Kiumbe huyu basi, kwa nini hakuitawala bahari? Kwa nini pweza wa leo hajui zaidi ya pweza wa miaka elfu iliyopita?

Jibu liko katika shimo lile tulilolivunja. Pweza wa mwamba wetu haishi sana zaidi ya mwaka mmoja. Jike hutaga mayai mara moja tu maishani, kwa maelfu mengi. Akishayatundika darini huziba mlango kwa mawe, akaacha kula, akabaki kuyapulizia maji safi na kuyafuta uchafu hadi yaanguliwe. Kisha hufa. Watoto, wadogo kama chembe, huchukuliwa na mkondo hadi mbali, na yule anayebahatika kukua hujifunza kila kitu peke yake: kaa yupi anauma, mkunga anajificha wapi, shimo lipi ni salama. Anajifunza vizuri ajabu. Halafu naye anakufa, na yote aliyoyajua yanakwenda naye. Pweza hana babu wa kumwambia, mwanangu, mambo haya tumeyajaribu na mwisho wake ulikuwa huu.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zamani niliifahamu methali hiyo kuwa ni ya kuheshimu maoni ya kila mtu. Siku hizi naisikia tofauti. Nywele zako hukua kichwani pako, huzitengeneza upendavyo, nawe hufa nazo. Hakuna aliyewahi kumrithisha mwanawe nywele zake. Ndivyo ulivyo werevu. Waweza kuusifu kwa mtu, lakini huwezi kuupokea kutoka kwake. Hekima ni kitu cha kupokezana. Mtu mmoja hawezi kuikamilisha, kwa sababu matokeo ya matendo yetu mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko umri wetu, na anayetaka kuyaona yote hana budi kuazima macho ya waliotangulia.

Maneno yenyewe yanasema kitu. Neno akili tumelitoa katika Kiarabu, na huko lina udugu na neno la kamba afungwayo ngamia goti asitoroke. Hekima nayo ina mzizi mmoja na jina la sehemu ya hatamu inayoshika taya za farasi. Sijui kama waliotuletea maneno haya walikuwa wakiyawaza hayo walipotia nanga pwani, lakini mimi yamenishika. Ndani ya yote mawili mna kuzuia. Nguvu ya ngamia ni yake, mbio za farasi ni zake. Kamba na hatamu zina kazi nyingine.

Tuone sasa kamba hiyo inavyofanya kazi, tukianza na pale inapokosekana. Uvuvi wa baruti ni werevu mtupu. Mlipuko mmoja, dakika chache, na samaki wanaelea bila ndoana, wavu wala usiku wa baridi. Lakini wengi wa waliouawa huzama, hawaokotwi na mtu. Matumbawe husagika yakawa kokoto, na kokoto hizo huviringishwa na mawimbi hivi kwamba tumbawe changa halipati pa kushika. Mwamba uliojijenga kwa vizazi hubomoka asubuhi moja, na kujijenga tena huchukua miongo. Anayerusha baruti si mjinga. Hesabu yake ni sahihi kabisa, ila imeishia pwani jioni ileile.

Kwa upande mwingine, fikiria wazee wa Kuruwitu, Kilifi. Waliona samaki wanapungua mwaka hadi mwaka, nao walikumbuka bahari ilivyokuwa. Kijana aliyezaliwa juzi angedhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mwaka 2003 wakaazi wakaunda chama chao, na miaka michache baadaye wakaifunga sehemu ya bahari yao wenyewe, hekta zipatazo 30, asivue mtu. Pwani ya Kenya sehemu kama hizo huitwa tengefu, neno lililotokana na kutenga. Si wavuvi wote waliokubali. Mwenye watoto wenye njaa leo, ukimwambia aache samaki aliye mbele yake, unamwomba jambo zito, na sitaki kulifanya jepesi. Walifunga hivyohivyo. Samaki wakarudi, na mwaka 2017 kazi yao ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Huko Madagaska, wanakijiji wa Andavadoaka walikuwa wameanza mwaka 2004 kufunga uvuvi wa pweza kwa miezi, kwa kuwa pweza hukua upesi mno akiachwa. Pemba nayo, kwenye Kisiwa Panza, watu wamefunga miamba yao kwa kusudi hilohilo.

Msinielewe kwamba nausukuma werevu kando. Abunuwasi wa hadithi zetu alikuwa mjanja, na masikini aliyedaiwa fedha kwa kula mkate wake kwenye harufu ya nyama ya tajiri aliokolewa na ujanja wake: harufu ikalipwa kwa mlio wa sarafu. Hekima isiyo na werevu huishia kusikitika. Kufunga bahari nako kulihitaji watu wanaojua kuhesabu, kupima, kubishana na ofisi. Lakini sijawahi kusikia hadithi ambamo Sungura, yule mjanja mwingine, anazeeka na kukaa na wajukuu wake.

Tena uzee peke yake haumpi mtu hekima. Jambo hili lilimshughulisha sana Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alisoma Uppsala, Sweden, akarudi nyumbani na shahada ya uzamivu, kisha katika miaka ya 1970 akaanza kuwaendea wazee vijijini, akawauliza juu ya Mungu, uhuru, haki na kifo. Kitabu chake cha mazungumzo hayo kilitoka 1990, na miongoni mwa wazee waliomo ni baba yake mzazi, Oruka Rang'inya. Wapo wazee, alisema, wanaoyajua mapokeo barabara na kuyakariri. Na wapo wanaoyapokea, wakayapima, wakathubutu kuyakosoa. Na yeyote asiyetumia alichonacho kwa faida ya jamii yake, hakumhesabu miongoni mwa wenye hekima. Mimi hilo la mwisho ndilo ninalolishika zaidi. Msomi mwenye shahada hizo zote akakaa mkekani kumsikiliza baba yake na kuandika: hapo nauona mkono ambao pweza hakujaliwa, licha ya kuwa na minane.

Bibi hakujua kusoma. Hakuna kitabu kilichomfundisha kwamba jike lile halili, wala kwamba lilikuwa limebakiza siku chache. Labda aliambiwa na mama yake, labda aliona mwenyewe mwaka uliofuata bamvua ambalo watu hawakuacha kitu. Sikumuuliza, na sasa amelala chini ya mkwaju, nyuma ya nyumba yetu. Wewe msomaji, kama nyumbani kwenu yupo mzee uliyemwona akikiacha kitu alichoweza kukichukua, nenda kamuulize sababu.