Kuhamisha Nyumba kwa Ajili ya Elimu

Kuhama si jambo geni kwa watu wa Takaba. Mji huu, ulio makao makuu ya Mandera Magharibi, umezungukwa na nchi kavu ambamo ngamia na mbuzi hufuata mvua, na watu hufuata ngamia na mbuzi. Mtoto wa huko huijua safari kabla ya kuijua kalamu. Lakini uhamaji huo una marejeo: nyasi zikiota nyuma, nyumba hufungwa tena mgongoni mwa ngamia na kurudishwa. Uhamaji ninaotaka kuueleza hapa ni wa namna nyingine. Mtu mwenye mapato haba, tuseme mwenye duka dogo na mbuzi thelathini, huuza mbuzi, hufunga duka, huwapandisha mkewe na watoto katika basi, akaenda kukaa Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 800, ili watoto wake wapate siku moja kuingia chuo. Je, mtu huyo atenda vema? Na gharama ya tendo lake hulipwa na nani?

Yafaa kukumbuka kwamba mababu wa watu hawa hawakuwa na nafasi ya kujiuliza swali hili. Sheria ya mwaka 1902 iliipa serikali ya kikoloni uwezo wa kuzifunga wilaya za mbali, na nyingine ya mwaka 1934 ikawapa maofisa wa kaskazini mamlaka makubwa juu ya mienendo ya wenyeji. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, hali ya hatari ilitangazwa huko, na haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Leo Kifungu cha 39 cha Katiba ya mwaka 2010 chamruhusu kila raia kukaa popote katika nchi yake. Uhuru umekuja pamoja na mzigo wake, kwani aliyefungiwa mlango haulizwi kwa nini hakutoka, bali aliyefunguliwa hulazimika kutoa sababu akitoka na akibaki.

Sababu za kutoka ni nzito, wala hazistahili kudharauliwa. Tarehe 22 Novemba 2014, abiria 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi, na wengi miongoni mwao walikuwa walimu. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa katika kaunti zote tatu za kaskazini mashariki. Shule zikabaki na madawati na wanafunzi, lakini bila ya mwalimu wa hesabu wala wa fizikia. (Ni haki pia kusema kwamba Desemba 2015, karibu na El Wak, abiria Waislamu wa basi jingine walikataa kutengwa na wenzao Wakristo, mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Mzazi anayeondoka asidhani kwamba anaiacha nchi isiyo na watu wema.) Juu ya hayo ukaja ukame, ambao tangu mwishoni mwa mwaka 2020 uliziangusha misimu mitano ya mvua kwa mfululizo. Mtu aliyeona mbuzi wake wakifa mmoja mmoja hupata hekima ya haraka: elimu ni mali isiyohitaji malisho.

Hata hivyo hesabu yake ina kosa moja ambalo nimelisikia mara nyingi kwa wazazi. Husema, “Nahamia Nairobi kwa sababu vyuo viko Nairobi.” Lakini katika Kenya chuo hakimwulizi mtoto anakaa wapi. Humwuliza amepata alama gani. Kwa shahada hutakiwa wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne, na nafasi hugawanywa na idara moja kwa nchi nzima; kijana wa Takaba na kijana wa Nairobi wenye alama sawa husimama katika foleni moja. Huko Marekani mambo ni mbali, kwani vyuo vikuu vya majimbo huwatoza wakaazi wa jimbo ada ndogo kuliko wageni, na familia ikivuka mpaka kwa wakati wake yaweza kuokoa fedha nyingi. Kwetu mkopo wa elimu ya juu, ambao bodi yake iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, haumtaki mwanafunzi awe jirani wa chuo. Tena tangu mwaka 2011 kaskazini mashariki ina chuo chake Garissa. Chuo hicho kilishambuliwa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 wakapoteza maisha. Kikafunguliwa tena Januari 2016, na mwaka uliofuata kikapewa hati ya chuo kikuu kamili.

Basi anayehama akimtafuta mwalimu wa hesabu kwa mtoto wa miaka kumi ana hoja. Anayehamisha nyumba nzima mtoto akiwa kidato cha nne amechelewa, na anayehama ili awe karibu na malango ya chuo amenunua kitu ambacho hakiuzwi.

Sasa tuitazame gharama. Katika Takaba familia hii ilikuwa na nyumba yake. Eastleigh ina chumba cha kupanga, na kodi haingoji mvua. Maziwa yaliyokamwa alfajiri sasa hununuliwa dukani kwa kipimo. Baba aliyekuwa bwana wa duka, ambaye watu walimwamkia kwa jina la babu yake, huwa mbebaji wa mizigo ya duka la mtu mwingine. Mama hupoteza jirani wa kumwachia mtoto. Bibi hakubali kuja, au huja akakaa dirishani mchana kutwa akitazama ukuta. Hata msaada wa karo huweza kukatika: sheria ya mwaka 2003 iliyounda mfuko wa maendeleo ya majimbo iliwasaidia watoto wengi wa kaskazini kulipiwa shule, lakini fedha za jimbo hutolewa kwa watu wa jimbo, na aliyekwisha kuhesabiwa mgeni kwao hana dai la nguvu.

Nipendalo kulikazia zaidi ni jambo la binti. Katika nyumba nyingi zinazohama, mtoto mmoja ndiye sababu ya safari, na aghalabu ni mwana wa kiume mwenye akili shuleni. Dada yake huenda pamoja naye. Mama anapotoka kuuza chai ili kodi itimie, nani apike, nani achote maji, nani akae na mdogo anayeumwa? Ni yule dada. Hivyo elimu ya mmoja hujengwa juu ya ujinga wa mwingine, na nyumba husema kwa fahari kwamba imejitoa mhanga, hali aliyetolewa ni mmoja tu, wala hakuulizwa. Mtu ana haki ya kutoa kilicho chake. Hana haki ya kutoa kilicho cha mtoto wake wa kike, kisha akajisifu kwa ukarimu.

Na yule mwana? Wewe usomaye kurasa hizi pengine ndiye yeye. Umeambiwa, au umeona bila ya kuambiwa, kwamba mbuzi thelathini waliuzwa kwa ajili yako. Je, wadaiwa? Nadhani jibu la kweli ni kwamba shukrani wadaiwa, lakini alama fulani za mtihani hudaiwi. Hukutia sahihi mkataba wowote. Ulikuwa na miaka kumi. Mzazi anayemkumbusha mwanawe kila jioni habari za mbuzi waliouzwa hamsomeshi, humkopesha, na mkopo huo hauna siku ya kumalizika. Nimeona wanafunzi wenye akili safi wakishindwa kuandika neno katika chumba cha mtihani kwa sababu waliingia na jamaa zao wote mabegani.

Kuna wanaosema kwamba mwenye kuhama huisaliti Takaba, kwa kuwa huondoka na mtoto ambaye angekuja kuwa mwalimu wake. Shutuma hiyo siikubali. Waraka namba 10 wa mwaka 1965 wa Serikali ya Kenya uliamua kwamba fedha za maendeleo zitiwe hasa pale penye rutuba, mvua na njia nzuri. Kaskazini haikuwa na vitu hivyo, ikangoja. Deni la miaka mingi kama hilo haliwezi kutwishwa mwenye duka dogo. Serikali ndiyo iliyo na wajibu wa kupeleka walimu Takaba na kuwalinda, na mzazi hawezi kuamriwa amweke mwanawe katika darasa lisilo na mwalimu ili awe ushahidi wa dhuluma.

Lakini wafugaji wenyewe wana maarifa ambayo huyasahau wakipanda basi. Hakuna mwenye ngamia anayehamisha kundi lote kwa habari ya kusikia. Hutanguliza watu wa kupeleleza malisho, na upelelezi huo Wasomali huuita sahan. Majirani zao Waborana hugawa mifugo: wenye maziwa hubaki nyumbani karibu na wazee na watoto, na wengine hupelekwa mbali pamoja na vijana wenye nguvu. Kwa nini elimu ifuatwe bila ya uangalifu huo? Mjomba aliye Wajir au Isiolo aweza kumpokea mtoto kwa muhula mmoja. Shule ya bweni yaweza kugharimu chini ya kodi ya mwaka mzima mjini. Baba aweza kutangulia peke yake, aone bei ya maji, ahesabu walimu wa shule anayoikusudia kwa macho yake, aulize kama kuna nafasi ya binti pia. Kisha arudi, akae na mkewe, mama yake na watoto wote wawili, aeleze alichokiona, na asikilize kabla mbuzi wa kwanza hajapelekwa mnadani.