Mwanafunzi Ana Siri Gani?



Likizo hii nikiwa nyumbani Kerende, kijana mmoja wa VIWAWA aliniuliza baada ya Misa: "Frateri, mwanafunzi ana siri gani mbele ya mwalimu wake?" Tulikuwa tunabishana kuhusu upimaji wa afya shuleni. Nilimjibu harakaharaka, kwa maneno makubwa ya darasa la falsafa, halafu usiku usingizi ukakataa.

Nikiwa kidato cha pili, wasichana wa shule yetu walipimwa mimba. Hakuna aliyeulizwa kama anakubali. Walipangwa mstari, wakapewa vikopo, majibu yakaandikwa kwenye daftari la kawaida lililobaki wazi mezani ofisini. Siku ile mimi ndiye niliyetumwa chaki. Nikasoma. Kabla ya saa nane darasa zima lilijua jina la dada mmoja, na walilisikia kwangu. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Baadaye tukasikia amepewa barua ya kufukuzwa.

Nilichosema kilikuwa kweli, na hapo ndipo penye tabu. Tumezoea kudhani dhambi ya ulimi ni uongo tu. Katekisimu (2477) inamhesabia hatia hata anayefichua kosa la kweli la mwenzake, bila sababu ya haki, kwa wasiolijua. Na nani kasema mimba ile ilikuwa kosa lake? Sisi wavulana hatukuuliza.

Leo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Mwaka huohuo wa 2022, kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto iliitaka Tanzania ipige marufuku upimaji wa mimba wa lazima shuleni. Na tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu waliojifungua kurudi masomoni. Sawa kabisa. Ila daftari huachwa wazi na mtu.

Utasema, mtoto hajui faida yake, tukingoja akubali kichocho kitammaliza. Kuna ukweli hapo. Mtoto mdogo huamuliwa na mzazi, na dawa za kichocho huku kanda ya Ziwa ni msaada mkubwa. Lakini kumwamulia mtu si sawa na kumficha unachomfanyia. Halafu angalia kipimo kinamtumikia nani: cha kichocho kinaishia kwenye dawa, kile chetu kiliishia kwenye barua.

Soma Marko 5. Binti wa Yairo alikuwa na miaka 12, umri wa mwanafunzi. Yesu aliutoa nje umati wote, akabaki na wazazi na wanafunzi watatu, kisha akaagiza habari zisitoke. Njiani, yule mama mwenye kutokwa damu alijieleza mbele za watu, ndiyo, lakini alisema mwenyewe. Yesu hakumsemea.

Yule dada siku hizi anauza dagaa mnadani. Juzi nilimfuata kuomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanifungia dagaa wa elfu mbili, akasema: "Haya Frateri, wapishe wateja."