Yule Anayengojwa Hupumzika Lini?

Somo: Mwanzo 33:12–17, 1 Samweli 30:9–25

Wiki hii tunachukua swali lililoletwa katika ushirika wa nyumbani kule Ruiru, likajadiliwa hadi chai ikapoa. Mtu mwenye nguvu akisafiri na mtu wa mwendo wa polepole, ana deni gani kwake? Akimtangulia kisha amngoje mbele, je, amemtendea haki?

Swali lilitokana na safari. Ndugu zetu wawili, mmoja kijana, mwingine mzee anayekaribia miaka sitini, walibeba baiskeli zao hadi Mombasa mwezi wa Januari, wakatoka huko kwenda Malindi kwa pedali. Ni kama kilomita 120. Mtu wa Thika akisikia Pwani anafikiria tambarare, kazi rahisi. Milima ya kutisha hakuna, kweli, lakini kuna jua na ule unyevu usiokausha jasho, na Januari kuna kaskazi, upepo unaotoka kaskazini mashariki. Wao walikuwa wanaelekea kaskazini, kwa hiyo walipigwa na upepo usoni.

Kijana akatangulia. Pale Mtwapa akashuka, akanunua dafu, akakaa kivulini. Mzee alipotokea, kijana akainuka: "Haya mzee, twende." Kilifi hivyo hivyo. Gede hivyo hivyo. Walifika Malindi salama, lakini hawasemezani. Katika ushirika kijana akajitetea: "Jamani, mimi nilimngoja mara tatu!" Mzee akajibu polepole, "Ndio, mwanangu. Ulipumzika mara tatu. Mimi sikupumzika hata mara moja."

Fanya hesabu mwenyewe utaona. Mwenye nguvu anafika mapema, anapoa, anakunywa maji, na mapumziko yake yanaisha dakika ile ile aliyechoka anapowasili. Aliyehitaji kupumzika zaidi ndiye aliyekosa kabisa. Na yule mwingine anaondoka na dhamiri safi, anajiona mvumilivu, kwa sababu alingoja. Mimi naona hapa ndipo penye hatari. Anayemwacha mwenzake waziwazi anaweza kukemewa. Anayengoja kwa namna hii ni vigumu kumkemea, kwani anaonekana anatenda mema.

Kuna jambo lingine ambalo waendesha baiskeli wanalijua vizuri. Ukiwa nyuma kabisa ya mwenzako, karibu na gurudumu lake, yeye anakukinga upepo na unatumia nguvu kidogo sana kuliko ukiwa peke yako. Lakini akikutangulia nusu kilomita, upepo wote unarudi kwako. Nguvu za yule kijana zingemfaa mzee kama angekaa mita moja au mbili mbele yake, kwa mwendo wa mzee. Mbali zaidi ya hapo zilikuwa nguvu za kijana peke yake.

Tusimwonee kijana, lakini. Ana hoja. Talanta haizikwi ardhini, na Paulo anawaambia Wakorintho wapige mbio wapate tuzo. Kila mtu akienda kwa mwendo wa mnyonge, nani atafika? Jibu langu ni kwamba inategemea mlichopatana mlipoondoka. Kwenye mashindano humdai mwenzako akungoje. Lakini hawa wawili hawakwenda kushindana, walipatana kusafiri pamoja. Nabii Amosi anauliza kama wawili wanaweza kutembea pamoja wasipopatana. Patano ndilo linalozaa deni.

Hata kwenye mashindano patano lina uzito. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, alikuwa kwenye Tour de France ya 2012 katika timu ya Bradley Wiggins, na Wiggins ndiye aliyekuwa kiongozi. Kwenye mlima wa La Toussuire Froome alichomoka akamwacha. Akaambiwa kwa redio apunguze, akapunguza. Wiggins akashinda, Froome akawa wa pili. Ni kweli mwaka uliofuata Froome alishinda mwenyewe, lakini tafadhali, msitoke hapa mkihubiri kwamba ukimngoja mtu mwaka huu Mungu anakulipa kombe mwaka ujao. Wengi wamengoja na hawakupata kombe lolote.

Na mzee naye? Ana sehemu yake. Njia nzima akiulizwa alikuwa anasema, "Niko sawa." Hakuwa sawa. Mnyonge anayeficha unyonge wake anamnyima mwenzake nafasi ya kumtendea haki. Yakobo hakuona haya. Esau alipomwambia waondoke pamoja, alisema wazi kwamba watoto ni wachanga, mifugo inanyonyesha, na wakikimbizwa siku moja tu watakufa, kwa hiyo atakwenda polepole kwa mwendo wao. (Najua, Yakobo aliishia Sukothi, hakumfuata Esau hadi Seiri. Alikuwa na sababu zake. Maneno yake kuhusu watoto yalikuwa ya kweli hata hivyo.)

Sasa tujiangalie. Ndugu ameacha pombe juzi, anaanguka, anasimama. Tunampigia simu wiki tatu, tunasema tunamngoja. Jumapili anaingia, bado anahema, na papo hapo tunamkabidhi siku 21 za kufunga, kesha la Ijumaa na bahasha ya jengo. Haya ndugu, twende! Au mama anayetoka zamu ya usiku kiwandani Thika, anafika ibadani macho mekundu, tunamuuliza mbona haonekani kwenye maombi ya alfajiri. Hawa tumewangoja, sawa. Lakini wamepumzika lini?

Kuna wakati kungoja hakuwezekani, na Biblia haifichi. Siklagi ilikuwa imechomwa, wake na watoto wametekwa na Waamaleki. Watu 200 kati ya 600 wa Daudi walizimia kwa uchovu kwenye kijito cha Besori, naye akawaacha hapo, akaendelea na 400. Angefanyaje? Wale watoto wangepotea. Lakini angalia: katika haraka ile ile walimkuta kijana Mmisri porini, ametupwa na bwana wake Mwamaleki kwa sababu ya ugonjwa, siku tatu bila mkate wala maji. Wakasimama, wakamlisha mpaka roho ikamrudia, ndipo Daudi akamhoji. Huyo aliyeachwa kwa kushindwa kwenda ndiye aliyewaonyesha njia.

Na waliporudi na nyara, baadhi ya waliopigana walisema wale 200 wasipewe kitu, kila mtu achukue mke wake na watoto wake aende zake. Daudi akakataa: aliyekaa na vyombo atapata sawa na aliyeshuka vitani, na hiyo ikawa sheria katika Israeli. Lakini kabla ya mambo hayo ya mgawo, mstari wa 21 unatuambia alichofanya Daudi alipofika Besori. Aliwakaribia wale waliochoka, akawajulia hali.