Nani Ana Haki ya Kufungua?

Kuna ujuzi ambao ukiwa nao Lavington unaitwa hobi, na ukiwa nao Kawangware unaitwa ushahidi. Kufungua kufuli bila ufunguo ni mmoja wao. Mimi nimezaliwa Kibera, naishi Kawangware, na nimekuwa nikijifunza ujuzi huu kwa miezi saba. Swali linalonisumbua ni rahisi kuuliza: je, ni kosa kujua?

Nilianza na kufuli ndogo ya Tri-Circle niliyonunua soko la Toi, aina ile iko kwa kila mlango wa mabati, na vyuma viwili vyembamba nilivyotoa kwa waipa ya gari iliyotupwa. Ndani ya kufuli kama hiyo kuna silinda, na kuna pini kadhaa zinazosukumwa na springi. Kila pini imekatwa vipande viwili. Ufunguo wake huinua kila pini hadi mkato ulingane na ukingo wa silinda. Zote zikilingana, silinda inazunguka.

Asiye na ufunguo anategemea udhaifu mmoja: hakuna kiwanda kinachotoboa matundu yakawa sawasawa kabisa. Ukikaza silinda kidogo kwa chuma kimoja, pini moja inakwama kabla ya wenzake. Unaitafuta kwa chuma cha pili, unaiinua, inalia tik, unaenda kwa inayofuata. Yaani unasikiliza kwa vidole. Kufuli yangu ya kwanza ilinichukua siku nne. Siku hizi naifungua kabla maji ya ugali hayajachemka.

Ukishafanya hivyo mara kadhaa, unaanza kujiuliza ni nini hasa kimekuwa kikikulinda miaka yote. Mlango wa mabati na kufuli ya bei rahisi haviwezi kumzuia mtu aliyeamua. Anayemzuia ni yule mama anayefua kwenye korido na kuuliza, "Unatafuta nani?" Kufuli inamwambia mgeni kwamba kitu hiki kina mwenyewe. Kazi inayobaki inafanywa na watu. Na watu wakishindwa, kufuli haina neno. Julai 2018, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Tingatinga haihitaji ufunguo.

Swali la kujua si geni. Kuanzia 1790, kampuni ya Joseph Bramah huko London iliweka kufuli dirishani na kuahidi gini 200 kwa atakayeifungua bila ufunguo wake. Mwaka wa 1851, Mmarekani Alfred Charles Hobbs aliifungua, baada ya saa 51 za kazi zilizosambaa kwa siku 16. Watu walilalamika kwamba anafundisha wezi. Hoja ya upande wake ilikuwa kwamba wezi wanajua tayari. Asiyejua ni yule anayenunua kufuli akidhani yuko salama. Naikubali hoja hiyo. Lakini Hobbs alilipwa gini zake. Kijana wa Gatwekera akifanya jambo lilelile mbele ya mlango, atasikia neno moja, "Mwizi!", na baada ya hapo hakuna atakayeuliza alikuwa anajifunza nini. Wote tunajua tairi huwa inatoka wapi.

Sheria nayo haiko mbali. Kifungu cha 308 cha Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, kinasema ukipatikana nje ya makao yako na kifaa cha wizi wa nyumba, hilo ni kosa. Na kama kifaa kimetengenezwa kwa kazi hiyo, chenyewe ni ushahidi dhidi yako. Ndiyo maana vyuma vyangu havipandi matatu.

Wanaofanya hii hobi duniani wana kanuni mbili. Fungua kufuli yako tu, au ya mtu aliyekupa ruhusa. Na usiguse kufuli inayotumika. Nilizishika vizuri, hadi mwezi wa tatu.

Jirani yangu, mama wa watoto wawili anayefua nguo za watu Lavington, alirudi jioni akakuta mlango wake una kufuli mbili: yake, na ya landilodi juu yake. Alikuwa na deni la kodi la mwezi mmoja na nusu. Ndani kulikuwa na dawa ya pumu ya mtoto wake na sare za shule. Alimpigia msimamizi wa ploti, simu ikawa mteja. Akaja kwangu. "Kijana, wewe si unajua hizi vitu? Nifungulie."

Kwa kanuni za hobi, jibu lilikuwa hapana. Kufuli ile ilikuwa inatumika, na mwenyewe hakuwa ametoa ruhusa. Lakini kanuni hizo ziliandikwa na watu ambao hawajawahi kufungiwa vitu vyao na mtu mwingine. Kufuli husema, "Hiki ni changu." Ile ya landilodi ilikuwa inasema uongo, kwa sababu dawa haikuwa yake wala sare hazikuwa zake. Alikuwa na haki ya kudai pesa zake, na kuna njia ya kuzidai: hata ile Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inayohusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, haimruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri. Kuwa na ufunguo hakukumpa haki.

Hata hivyo kuna jambo lilinizuia kwanza. Kila mwizi ana sababu. Yeye pia atakwambia mwenye mali ni tajiri, ni mnyonyaji, hatasikia uchungu. Kama kila mwenye vyuma ataamua peke yake ni kufuli gani inasema uongo, tofauti yangu na mwizi ni nini? Nilitafuta kitu ambacho mwizi hawezi kukileta, nikapata kimoja: mashahidi.

Nilimwambia, "Sawa, mama, lakini tuite watu." Akaja mzee wa nyumba kumi, wakaja majirani sita. Kulikuwa bado na mwangaza. Nilifungua wote wakitazama, mama akafungua yake, akatoa dawa, sare na vitabu. Kitanda, jiko na redio vilibaki. Kisha nikaifunga ile kufuli ya landilodi kama ilivyokuwa, na mzee akamtumia msimamizi ujumbe wa kumweleza kilichofanyika na kilichotolewa. Deni lilibaki palepale, na lilistahili kubaki. Keshoye msimamizi alikuja na maneno makali, lakini hakukuwa na kitu cha kumwitia polisi ambacho watu wanane hawakuwa wamekiona.

Mpaka leo naona nilifanya sawa. Ujuzi haukunipa ruhusa; mwenye vitu alinipa, mbele za watu, na kwa kile alichohitaji tu.

Wiki iliyofuata, milango mitatu kwenye korido yetu ilipata kufuli mpya, zile kubwa za Solex. Miwili ni ya watu waliosimama pale wakinihimiza. Mmoja alicheka alipoona nimeiona: "Si wewe, kijana wangu. Ni vile siku hizi hujui." Iliniuma, lakini sikumlaumu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliye nguoni. Mtu wa Lavington anaweza kujua jambo kimyakimya na akabaki mtu mwema. Huku kwetu, mwenye ujuzi kama huu lazima aonekane kila siku. Si haki, lakini uaminifu wa majirani ndio ukuta pekee tulionao, na sitaki kuutoboa.

Mimi sijabadilisha kufuli. Mlangoni kwangu kuna ileile Tri-Circle niliyojifunzia, na korido nzima inajua inafunguka.